Kurekebisha hendibreki mwenyewe: anza kwenye gurudumu, malizia kwenye waya

Swali hili haliishi: "Hendibreki yangu inapanda mpaka juu na gari bado inateremka. Nikaze wapi?" Wanaouliza zaidi ni watu wanaovusha gari kwenda Pemba kwa mara ya kwanza. Unguja mtu anaweza kuendesha miaka hana hendibreki na wala asitambue, maana barabara nyingi ni tambarare, na gari ya otomatiki ukiiweka P inatulia. Akishuka bandarini Mkoani akaanza kupanda kile kilima, au akisimama Chake Chake mbele ya duka pembezoni mwa mteremko, ndipo anapouvuta ule mkono na kuona hauna kitu.

Jibu langu ni lile lile kila siku: usianze kukaza nati iliyo chini ya mkono. Hilo ndilo kosa kubwa, na linafanywa na mafundi pia. Hendibreki inapanda juu kwa sababu, mara nyingi, shuu za breki (vile vipande vya kusugua vilivyo ndani ya gurudumu) zimelika na zimekuwa mbali na dramu, lile bakuli la chuma linalozunguka na gurudumu. Ukikaza waya unazivuta shuu kwa nguvu ziende karibu, lakini hujarekebisha umbali wenyewe. Mkono utarudi kwenye meno matano, zile "ta" unazosikia ukiuvuta, utafurahi, na baada ya muda mfupi utakuwa pale pale. Kibaya zaidi, waya uliovutwa moja kwa moja huzuia kile chombo kinachojirekebisha chenyewe ndani ya dramu kufanya kazi yake, na shuu zinaweza kubaki zinasugua mpaka dramu iungue. Kwanza rekebisha shuu ndani ya gurudumu. Waya ni wa mwisho.

Mwongozo huu ni wa gari ambazo breki za nyuma ni za dramu, na ndizo nyingi barabarani kwetu: Vitz, Probox, Carina, Escudo, Hiace na ndugu zao. Kama yako ina diski nyuma, soma hatua zote halafu nenda kwenye sehemu ya diski huko chini.

Inavyofanya kazi, kwa ufupi

Mkono unavuta waya mmoja. Waya huo unafika kwenye kichuma cha katikati kinachogawa nguvu kwa nyaya mbili, moja kwa kila gurudumu la nyuma. Ndani ya dramu, waya unavuta kijiti cha chuma kilichofungwa kwenye shuu ya nyuma, kijiti kinazitanua shuu zote mbili, zinabana dramu. Hakuna mafuta ya breki katika kazi hii. Ndiyo maana kutoa upepo kwenye breki hakutibu hendibreki, hata ukitoa kutwa nzima.

Andaa hivi kabla ya kuanza

- Jeki nzuri na stendi mbili za chuma. Usitumie jiwe la matumbawe wala tofali la saruji chini ya gari. Yote mawili hupasuka ghafla bila kutoa dalili, na wewe uko chini.
- Kabari nne za mbao za kuzuia magurudumu ya mbele.
- Spana ya magurudumu, spana au soketi namba 10, 12 na 14, bisibisi bapa, plaizi.
- Bolti mbili za M8 zenye kichwa cha spana 12. Kwa Toyota nyingi hizi ndizo zitakazokutolea dramu bila kupiga nyundo.
- Nyundo ya mbao au ya plastiki, brashi ya waya, msasa.
- Chupa ya maji yenye sabuni kidogo, matambara, barakoa na miwani.
- Grisi inayostahimili joto kubwa. Grisi ya kawaida inayeyuka na kuingia kwenye shuu.
- Kopo la dawa ya kusafishia breki, kama utalipata.
- Simu, ya kupigia picha.

Shuu mpya usinunue kabla hujafungua. Ukishajua kuwa zinahitajika, chukua ya zamani mkononi pamoja na namba ya chesisi uende nayo dukani, na ununue za magurudumu yote mawili. Kubadilisha upande mmoja tu kunafanya gari ivute upande unapofunga breki.

Hatua za kazi

1. Hesabu meno. Gari ikiwa imesimama mahali tambarare, shusha mkono mpaka chini, kisha uvute polepole kwa nguvu ya kawaida huku unahesabu ta, ta, ta. Kwa gari ndogo nyingi hendibreki nzima inashika kati ya jino la 5 na la 9, na idadi ya gari yako imo kwenye kitabu chake. Ikipita hapo, shuu zimelika au waya umelegea. Ikishika jino la 2 au la 3, kuna mtu keshakaza kupita kiasi, na huenda breki zinasugua muda wote. Andika idadi uliyoipata, utaihitaji baadaye.

2. Tazama chupa ya mafuta ya breki chini ya boneti. Kama yameshuka chini ya alama ya MIN, usiongeze tu ukaendelea. Ama pedi na shuu zimelika, ama kuna mahali panavuja, na hivi punde utaona ni lipi.

3. Weka gari kwenye sakafu ngumu. Mchanga haufai, jeki inazama upande mmoja. Tia kabari magurudumu ya mbele, mbele na nyuma ya tairi. Legeza kidogo nati za magurudumu ya nyuma wakati tairi bado ziko chini, kisha shusha hendibreki kabisa.

Hapa pana jambo ambalo wengi hawalifikirii. Gari inayovuta kwa magurudumu ya mbele, kama Vitz, ukiiweka P inafunga magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiinua nyuma bado imeshikwa. Hiace inavuta kwa nyuma. Kwa gari ya namna hiyo P inashika magurudumu yale yale unayoyainua, na ili uweze kuyazungusha itakubidi uweke N. Maana yake hakuna kinachoizuia gari isipokuwa zile kabari. Kwa hiyo kabari ziwe za kweli. Tofali nusu halitoshi.

4. Inua nyuma, weka stendi pande zote mbili sehemu ngumu za bodi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo, shusha uzito juu ya stendi. Itikise gari kwa mkono kabla ya kuingiza kichwa. Ikicheza, anza upya. Toa tairi.

5. Legeza waya. Nati yake mara nyingi iko nyuma ya mkono, chini ya kifuniko cha plastiki katikati ya viti: nati mbili ndogo, moja ya kurekebishia na moja ya kufungia. Kwa gari nyingine iko chini ya uvungu, kwenye kile kichuma cha katikati. Legeza mpaka waya ulegee kabisa. Usiiruke hatua hii. Bila hii, shuu hazikai mahali pake pa asili na vipimo vyako vyote vitakuwa vya uongo.

6. Toa dramu. Kwa bahati itatoka kwa kuvuta. Kwetu mara nyingi imeshikwa na kutu kwenye kitovu chake. Tafuta matundu mawili yenye nyuzi usoni mwa dramu, ingiza zile bolti za M8, kaza moja nusu mzunguko, nyingine nusu mzunguko, kwa zamu, mpaka dramu isukumwe nje. Ukikaza moja tu mpaka mwisho itakwenda upande na kukwama. Kama inacheza lakini haitoki, basi shuu zimechimba dramu na ukingo wake unazinasa. Nyuma ya bamba la breki, lile linalobeba shuu, kuna kitundu chenye raba. Toa raba, ingiza bisibisi, rudisha ile nyota ya kurekebishia (kigurudumu cha meno kinachosogeza shuu) ili shuu zisogee ndani, kwa namna iliyoelezwa hatua ya 12.

Nyundo ya chuma usiitumie kwenye ukingo wa dramu. Dramu ni chuma cha kalibu, haikunjiki, inapasuka.

7. Lowesha vumbi. Nyunyizia maji ya sabuni au dawa ya breki mpaka lile vumbi jeusi liwe tope, kisha lifute kwa tambara na ulitupe tambara. Usipulize kwa mdomo wala kwa kompresa. Shuu nyingi za zamani zilikuwa na asbesto, ambayo huharibu mapafu na kuleta saratani, na kwa kuangalia tu huwezi kujua uliyonayo ni ipi. Petroli na dizeli zisiguse shuu hata kidogo.

8. Piga picha pande zote mbili kabla ya kugusa springi yoyote. Kisha kagua. Lainingi, ile sehemu inayosugua, ikibaki milimita 1 au chini ya hapo, badilisha. Ikiwa imeshikwa na gundi kwenye chuma na imeanza kubanduka, badilisha hata kama ni nene. Inua kwa upole raba za ile silinda ndogo juu ya shuu. Pakiwa pamelowa, silinda inavuja mafuta ya breki. Kwa Hiace na gari nyingine zenye difu nyuma, angalia pia kama kuna oili nyeusi nzito yenye harufu kali inayotoka katikati: hiyo ni siili ya ekseli. Shuu iliyokunywa mafuta haisafishiki. Utaifuta, utaipiga msasa, itaonekana nzuri, lakini ikipata joto mafuta yatatoka tena. Rekebisha panapovuja kwanza, kisha weka mpya.

Dramu nayo ina kipimo chake cha mwisho cha upana, kimechongwa juu yake kwa milimita. Ikizidi hapo haichongeki tena.

9. Sasa fika kwenye penyewe. Tazama kile kijiti ambacho waya umefungwa kwake. Kikamate kwa vidole kipeleke mbele, kisha kiachie. Kinatakiwa kirudi chenyewe, papo hapo, mpaka kiguse ukingo wa shuu. Kwa gari iliyoishi karibu na bahari hakirudi. Kinabaki kimesimama nusu njia, na kwenye ile pini yake utaona unga wa kahawia umejazana kuzunguka shingo. Chumvi ndiyo iliyofanya hivyo. Kikibaki nusu njia maana yake shuu hazirudi mahali pake, nyota nayo haipati nafasi ya kujirekebisha, na wewe juu unaona mkono unapanda. Hendibreki si chache zinazolalamikiwa Zanzibar ugonjwa wao uko hapa, kwenye pini isiyozidi kidole kidogo, wala si kwenye shuu kulika.

Ifungue, isugue kwa brashi ya waya na msasa mpaka ing'ae, paka grisi ya joto kidogo sana, rudisha, ujaribu tena mpaka kijiti kirudi chenyewe.

Ukiwa hapo hapo, jaribu na waya. Uvute kwa plaizi, uachie. Ukikwama au ukirudi kwa kusitasita, kutu imeingia ndani ya ganda lake. Ufuate kwa macho mpaka unapopinda karibu na ekseli. Plastiki iliyopasuka au kuvimba ndipo kutu ilipo. Wapo wanaomimina oili ndani ya ganda. Inasaidia siku chache, kisha unakwama tena, na safari hii unaweza kukwama ukiwa umevutwa. Badilisha waya. Ukibadilisha mmoja ukaacha mwingine wa umri ule ule, nao hautakuwa mbali.

10. Safisha bamba la nyuma. Kuna vinundu bapa ambavyo shuu zinateleza juu yake, kwa kawaida vitatu kila shuu. Vipige msasa, paka grisi nyembamba, kiasi cha kuonekana tu. Fungua nyota, safisha nyuzi zake, hakikisha inazunguka kwa kidole. Nyota ya kulia na ya kushoto si sawa, nyuzi zake zinakwenda kinyume. Ukizibadilishana, badala ya breki kujikaza yenyewe itakuwa inajilegeza, na utashindwa kuelewa kwa nini. Fanya upande mmoja mpaka uishe ndipo uende wa pili. Hivyo ule usioguswa utakuwa mfano wako kama picha haionyeshi vizuri.

11. Rudisha shuu na springi. Osha mikono kabla ya kushika lainingi. Ukimaliza, gonga shuu kidogo kwa kiganja ili zikae katikati.

12. Rekebisha nyota. Ikaze kidogo kidogo huku unajaribu kuvalisha dramu, mpaka ivae kwa kugusa kidogo tu. Kisha kupitia kile kitundu cha nyuma, kaza mpaka dramu isizunguke kwa mkono, halafu rudisha jino moja moja mpaka izunguke kwa uhuru na usikie msuguo mwepesi sana, au usisikie kabisa. Kurudisha nyota kunahitaji kusukuma kwanza kile kichuma kinachoizuia, kwa bisibisi ya pili nyembamba. Ukilazimisha bila kukisukuma utayala meno yake. Rudisha raba ya kitundu. Watu huiacha, na maji ya masika na vumbi la barabara za shamba huingia humo humo.

Pande zote mbili ziwe sawa. Zungusha huku, zungusha kule, sikiliza.

13. Kanyaga pedali ya breki mara kadhaa, kisha vuta na kushusha hendibreki mara tatu nne ili kila kitu kikae. Zungusha dramu tena. Kama imelegea, rudia hatua ya 12.

14. Sasa, na sasa tu, ndipo ukaze waya. Kaza ile nati ya kurekebishia mpaka mkono ushike kwenye idadi ya meno iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari. Kama huna kitabu, lenga 6 au 7. Zuia nati ya kwanza kwa spana moja, funga ya pili kwa spana nyingine.

15. Shusha mkono mpaka chini na uzungushe magurudumu yote mawili. Ni lazima yawe huru. Lolote linalosugua hapa, legeza waya kidogo. Kisha vuta jino moja moja: yataanza kuwa mazito, na mwisho yafunge yote mawili pamoja. Likifunga moja tu, rudi kwenye nyota ya lile jingine. Usijaribu kulipata kwa waya.

16. Rudisha tairi, shusha gari, kaza nati kwa mtindo wa msalaba. Kwa Toyota ndogo nyingi kipimo ni Nm 103. Zikaze tena baada ya kilomita 50 hivi.

17. Jaribu kwenye mteremko. Pemba huna haja ya kuutafuta. Unguja tafuta hata njia ya kupandia gereji. Asisimame mtu nyuma wala mbele. Kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, inua mguu taratibu ukiuacha juu ya pedali. Gari isisogee. Geuza, ujaribu ikiangalia upande wa pili pia, kwa sababu breki inaweza kushika vizuri upande mmoja na kulegea upande wa pili.

Kama nyuma ni diski

Ziko aina mbili, na kuzichanganya kunaharibu vitu vya bei.

Ya kwanza, ndani ya diski kuna dramu ndogo yenye shuu zake, kwa ajili ya hendibreki pekee. RAV4 na Harrier nyingi ziko hivi. Kazi ni ile ile, isipokuwa nyota inafikiwa kwa tundu lenye raba lililo usoni mwa diski. Kalipa, ile inayobana pedi kwenye diski, utaifungua na kuitundika kwa waya mgumu. Usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kwa Toyota, kaza nyota mpaka diski isizunguke, kisha rudisha meno 8. Shuu hizi hazisuguani gari ikitembea, kwa hiyo haziliki haraka, lakini huota kutu na kuwa kama kioo juu. Zipige msasa. Zikishawekwa mpya zinahitaji kufunzwa: kwenye barabara kavu, nyoofu, isiyo na watu, ukienda kilomita 50 kwa saa, vuta mkono kwa wepesi huku kidole kikiendelea kubonyeza kitufe, uende hivyo mita 400, uachie, zipoe, urudie mara mbili au tatu.

Ya pili, hendibreki iko ndani ya kalipa yenyewe, na waya unavuta mkono mdogo mgongoni mwake. Ukibadilisha pedi usiisukume pistoni kwa nguvu kama unavyofanya mbele. Hii inarudi kwa kuzungushwa kama skrubu, kwa chombo chake. Ukiibana kwa klempu unaivunja ndani.

Gari yenye kitufe cha umeme badala ya mkono, usiifungue bila kompyuta ya kuiweka katika hali ya matengenezo. Mota inaweza kujifunga ukiwa na vidole ndani.

Canter na Dyna

Wenye gari za mizigo nisikilizeni hapa. Nyingi ya hizi hendibreki yake iko kwenye dramu moja nyuma ya gia boksi, inayoshika propela shafti. Ina nguvu, lakini inashika magurudumu kupitia difu. Ukiinua gurudumu moja tu la nyuma kubadilisha tairi, difu inaruhusu lile la juu kuzunguka kinyume, na gari inaondoka juu ya jeki hata kama hendibreki imevutwa mpaka mwisho. Tia kabari kabla ya kugusa jeki, kila mara, hata mahali unapopaona tambarare. Na usivute hendibreki hiyo gari ikiwa inatembea isipokuwa breki zimekatika kabisa, maana mzigo wote unakwenda kwenye shafti na viungo vyake.

Gari ya pwani

Kama unashusha boti au unapita ufukweni maji yakitoka, Paje, Jambiani, Nungwi au Makangale, osha uvungu kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo, hasa nyuma ya magurudumu na kando ya nyaya. Kisha endesha kidogo ukikanyaga breki ili dramu zikauke. Usiegeshe na hendibreki imevutwa wakati dramu zina maji ya chumvi. Asubuhi shuu zitakuwa zimeshikana na chuma.

Unasafiri wiki kadhaa? Weka gari tambarare, P au gia ya kwanza, kabari mbele na nyuma ya tairi, hendibreki chini. Kwenye meli ni kinyume: hapo vuta hendibreki, weka P au gia, na kubali kabari za mabaharia, kwa sababu bahari ya kusi haijali kuwa gari yako ni mpya.

Na kwa matumizi ya kila siku kwenye kilima, mpangilio ni huu: kanyaga breki, weka N, vuta hendibreki, inua mguu gari ikae juu ya hendibreki, kisha ndipo P. Ukianza na P, uzito wote unakaa kwenye kijino kidogo ndani ya gia boksi. Ule mshindo unaosikia ukitoa P asubuhi ndio huo.

Ikikataa

*Mkono umerudi juu baada ya siku chache.* Shuu mpya zinakaa, kwa hiyo kurekebisha nyota mara moja zaidi ni kawaida. Ikirudia tena, ama nyota zimebadilishana pande, ama waya unakatika uzi mmoja mmoja. Mkono ukiwa mwepesi ghafla na unahisi kama unakwaruza, ni waya, na usiegeshe kwenye mteremko mpaka uubadilishe.

*Gurudumu moja linapata moto.* Baada ya mwendo, dondoshea maji usoni mwa dramu. Yakichemka upande mmoja tu, kuna kinachoshika. Inua gari, hendibreki chini, legeza waya kabisa. Gurudumu likiwa huru, waya umekwama. Likibaki zito, ni kijiti, springi, au nyota iliyokazwa sana.

*Inashika upande mmoja.* Linganisha nyota kwanza, kisha tazama mafuta kwenye shuu za upande usioshika. Kile kichuma cha katikati kikikaa mshazari sana, nyaya hazilingani au mmoja umekwama.

*Meno ni sawa lakini gari inateleza.* Shuu zimekuwa kioo au zimekunywa mafuta. Za kioo zinapona kwa msasa.

*Taa ya breki haizimi mkono ukiwa chini.* Taa hiyo hiyo huwaka mafuta ya breki yakipungua, kwa hiyo anza na chupa. Mafuta yakiwa sawa, ni swichi ndogo chini ya mkono, imepinda au imejaa vumbi.

*Gari imekwama asubuhi, hendibreki imeshushwa.* Usikanyage mafuta kwa nguvu. Weka D kwa upole, kisha R, mara chache. Ikikataa, tia kabari, toa tairi, gonga dramu usoni, kuzunguka, kwa nyundo ya mbao mpaka usikie imeachia. Ukisikia "tak" moja kisha ikaenda sawasawa, ni kutu ya usiku tu. Lakini ikiendelea kukwaruza, ifungue, lainingi inaweza kuwa imebanduka na kubaki imeshikana na dramu.

*Pedali ya mguu imekuwa ndefu baada ya kazi.* Shuu ziko mbali, rudi hatua ya 12. Ikiwa laini na inazama polepole ukiishikilia, kuna upepo au kuna panapovuja, na gari hiyo haitoki uani. Muite fundi aje pale pale.